Kichwa Kimegeuka, Mandhari Imebaki Palepale: Kutafuta Kasoro ya Kamera Kabla ya Kununua Nyingine

Anayetua katika uwanja wa ndege wa Kisumu kwa njia ya kurukia 06, katika mchezo wa kuiga urubani, huja akitokea juu ya Ziwa Victoria. Kama ameuzunguka uwanja kwa mkono wa kushoto, basi kabla ya kuielekea njia hiyo huwa iko ubavuni mwake kwa muda mrefu, mahali ambapo skrini moja haifiki. Rubani wa kweli angegeuza shingo tu. Mchezaji mwenye kamera ya kufuata kichwa hufanya karibu vivyo hivyo: anageuza kichwa kidogo, labda nyuzi 15, programu inaukuza mgeuko huo hadi nyuzi 90, na macho yake yakiwa bado yanatazama skrini anaiona njia ikipita chini ya bawa. Kifaa hiki kikifanya kazi vizuri, mtu husahau kwamba kipo. Kikiharibika, adha yake ni kubwa, kwa sababu kosa linatokea machoni, ndani ya mandhari yenyewe.

Ninaandika haya nikiwa Nakuru, baada ya kujaribu kamera za namna nyingi na kuwasaidia vijana kadhaa kurekebisha zao. Nililoliona tena na tena ni kwamba mtu hununua kamera ya pili kabla hajajua ya kwanza ilishindwa na nini, na ya pili nayo hushindwa vilevile, kwa kuwa kasoro ilikuwa ya mwanga, ya mpangilio wa programu au ya kebo. Kwa hiyo nitakwenda dalili kwa dalili, na suala la kamera ipi inunuliwe nitaliacha hadi tutakapojua ni sababu gani hasa inayohitaji kamera mpya.

Kwanza ujue unafuatwa kwa njia gani, maana dalili moja huwa na sababu tofauti katika kila njia. Njia ya kwanza ni ya uso: kamera ya kawaida inakutazama, na programu kama Opentrack, ambayo ni ya bure, inakadiria mwelekeo wa kichwa kutokana na uso wako. Njia ya pili ni ya nukta: unavaa klipu au kofia yenye taa tatu ndogo za infraredi, yaani mwanga ambao jicho halioni, na kamera iliyozibwa mwanga wa kawaida huona nukta tatu nyeupe kwenye giza na kuzipigia hesabu. TrackIR, kifaa cha dukani cha kufuata kichwa, hutumia njia hii ya pili, na vilevile klipu nyingi zinazotengenezwa nyumbani, ambazo Opentrack huzisoma pia. Katika njia ya uso adui mkubwa ni giza, lakini katika njia ya nukta adui ni jua.

Dalili ya kwanza: mandhari inachelewa kufuata kichwa

Unageuka, na chumba cha rubani kinakufuata baadaye kidogo, kama mzigo unaovutwa kwa kamba ndefu. Wengi hulaumu kompyuta mara moja. Kabla ya hapo, fungua dirisha la mipangilio ya kifuatiliaji katika Opentrack usome idadi ya fremu, yaani picha mojamoja, ambazo kamera inaleta kwa sekunde. Namba iliyoandikwa kwenye kasha la kamera isikushughulishe. Soma hiyo inayobadilika mbele yako.

Kamera ya fremu 30 huleta picha mpya kila baada ya milisekunde 33. Ya fremu 60 huileta kila baada ya milisekunde 17, na ya 120 kila baada ya 8. Lakini kamera nyingi za mezani hujirekebisha zenyewe: chumba kikiwa na mwanga hafifu, kamera huiacha sensa yake ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi katika kila fremu, na kwa kuwa fremu moja haiwezi kuisha kabla mwanga wake haujatosha, fremu 30 hushuka zikawa 15 bila onyo lolote. Kila picha sasa ina umri wa milisekunde 67 kabla hata haijachakatwa, tena imefifia kingo kwa sababu kichwa kilisogea wakati sensa ingali wazi. Hapo ndipo kuchelewa kunapoanza, na ndiyo sababu mtu huniambia kwamba kifaa chake hufanya kazi vizuri mchana na kuharibika usiku.

Tiba yake ni hatua mbili, na mpangilio wake una maana. Kwanza, ingia katika mipangilio ya kamera uzime kujirekebisha kwa mwanga, kisha uweke muda wa mwanga kwa mkono, mfupi kiasi cha fremu kubaki 30 au 60 bila kushuka. Picha itakuwa na giza. Pili, ongeza mwanga halisi usoni: taa ya mezani iliyoelekezwa kwenye ukuta ulio mbele yako hutosha, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka ukutani husambaa na hauchomi macho. Ukianza na taa bila kuzima kujirekebisha, kamera itaendelea kupanda na kushuka kila wingu la mchezo linapong'arisha au kutia giza skrini yako.

Ukiona mistari ya giza ikitembea polepole juu ya picha, hilo ni suala la umeme. Umeme wetu ni wa hertzi 50, na taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde, ilhali baadhi ya kamera huja zimepangwa kwa hertzi 60. Badilisha iwe 50, na uweke muda wa mwanga uwe milisekunde 10 au 20.

Sababu ya pili ya fremu kuwa chache ni msongamano kwenye kebo. USB 2.0 ina uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, na kwa vitendo ni chini ya hapo. Picha isiyobanwa ya pikseli 640 kwa 480 katika fremu 30 hula takriban megabiti 147. Ya 1280 kwa 720 hula takriban 442, kiasi ambacho hakipiti, kwa hiyo kamera hujipunguzia fremu hadi zienee. Anayechagua picha kubwa akidhani anaongeza usahihi hujikuta ameununua ucheleweshaji. Rudi kwenye 640 kwa 480, au washa mpangilio wa MJPEG unaobana picha ndani ya kamera kabla haijatumwa.

Ikiwa fremu ni 30 au 60 imara na bado kuna kuchelewa, sasa itazame kompyuta na kichujio. Kufuata uso kwa mtandao wa neva, yaani akili bandia inayoutambua uso, kunaitaka prosesa ifanye kazi kila fremu, huku mchezo wenyewe ukiihitaji prosesa hiyohiyo. Jaribu kupunguza ubora wa michoro ya mchezo kwa muda uone kama kuchelewa kunapungua. Kichujio cha Accela nacho, ambacho ndani ya Opentrack hulainisha mwendo wa kichwa, kikiwekwa ulainishaji mkubwa mno ili kuficha mtetemo, hulipisha kwa muda. Mtu aliyeongeza ulainishaji ili kutibu mtetemo ameihamisha dalili tu, naye itamlazimu arudi kwenye chanzo cha mtetemo.

Dalili ya pili: kichwa kimetulia, mandhari inatetemeka

Katika njia ya uso, mtetemo hutokana na chembechembe za picha yenye giza, na tiba ni ileile ya taa. Miwani nayo huchangia inapoakisi skrini. Ishushe taa ya skrini kidogo, au uiinue kamera juu ya usawa wa macho ili mwako uangukie kwingine.

Katika njia ya nukta, chunguza ukubwa wa nukta kwenye picha. Programu hutafuta kitovu cha kila nukta kwa kukadiria wastani wa pikseli zake, kwa hiyo nukta yenye pikseli chache mno huwa na kitovu kinachorukaruka. Lenzi pana mno ndiyo sababu ya kawaida. PlayStation Eye, kamera ya mwaka 2007 ya mashine ya michezo ya PlayStation 3, ambayo bado hutumiwa na wengi kwa kazi hii, ina lenzi ambayo pembe yake ya kuona huzungushwa kati ya nyuzi 56 na 75, na kwa umbali uleule nafasi ya nyuzi 56 hukifanya kichwa kionekane kikubwa kwa karibu mara moja na nusu. Nimewahi kuona mtetemo uliodumu kwa wiki mbili ukiisha kwa kuzungusha pete hiyo. Usisahau tu kuandika pembe mpya katika Opentrack, maana ukiacha namba ya zamani programu itakosea umbali, na kuinama kwako mbele hakutapimwa sawasawa.

Baada ya hayo ndipo uguse kichujio: ongeza kwanza eneo la utulivu, yaani kiasi cha kusogea ambacho programu hukipuuza, kidogo kidogo, kisha ulainishaji.

Dalili ya tatu: mandhari inaruka ghafla, au inapinduka

Dalili hii ilinisumbua mimi mwenyewe. Kila siku ilipokaribia saa kumi na moja jioni, chumba cha rubani kilipinduka kichwa chini kwa nusu sekunde kisha kikarudi. Dirisha lililo nyuma ya kiti changu linatazama mashariki, kwa hiyo jua la jioni nililiondoa mapema katika orodha ya washukiwa. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha klipu, nikaanza hata kutafuta kamera nyingine. Mwishowe nilikaa nikiitazama picha ya kamera badala ya kutazama mchezo. Nukta zangu tatu zilikuwepo, zikisogea pamoja na kichwa. Pembeni, juu kidogo, palikuwa na ya nne, kubwa kuliko zote, isiyosogea kabisa. Niligeuka nikaona vioo vya ghorofa iliyo mkabala, ambavyo vililipokea jua la magharibi na kulirudisha moja kwa moja chumbani mwangu. Pazia zito lilimaliza kazi ambayo kamera mpya isingeimaliza.

Jua lina infraredi nyingi, na kichujio kinachozuia mwanga wa kawaida hakiizuii hiyo. Balbu za zamani za waya nazo huitoa kwa wingi, ilhali taa za LED za nyumbani hutoa kidogo sana. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo tatizo linalotokea saa ileile kila jioni lichunguzwe kwanza upande wa dirisha.

Kama huwezi kuziba chanzo, programu inakupa njia mbili: ongeza kizingiti cha mwanga ili vitu hafifu visihesabiwe, na upunguze kipenyo cha juu cha nukta ili madoa makubwa yakataliwe. Lakini nukta ya kweli ikizibwa na bega au mkono, programu itachukua chochote kilichobaki, kwa hiyo kuziba chanzo ni bora zaidi. Katika njia ya uso, kuruka kwa namna hii mara nyingi husababishwa na kamera inayotafuta fokasi yenyewe: picha inavimba na kusinyaa, na umbali wa uso unabadilika ilhali hujasogea. Zima fokasi ya kujiendesha, uifunge kwenye umbali unaokalia.

Dalili ya nne: klipu inawaka, kamera haioni kitu

Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera, ubonyeze kitufe chochote huku ukitazama picha. Rimoti hutuma infraredi. Mwako mkali mweupe au wa zambarau ukionekana, kamera inaona, na kasoro iko kwenye klipu. Usipoona kitu, au ukiona kimulimuli hafifu tu, kamera bado ina kioo cha kuzuia infraredi, kama zilivyo karibu kamera zote za mezani.

Kioo hicho kinaweza kutolewa katika kamera nyingi. Fungua ganda, uzungushe lenzi kwa kuihesabu mizunguko hadi itoke, kisha utazame upande wake wa nyuma. Utaona kipande kidogo cha mraba, kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho. Ukitazama kupitia ndani yake ni cha samawati hafifu. Ukikiinamisha chini ya taa kinarudisha wekundu wa waridi. Hicho ndicho. Kikiwa kimegandishwa kwa gundi, ncha ya wembe hukitoa polepole, nacho huvunjika mara nyingi, jambo ambalo si hasara mradi vigae visibaki kwenye lenzi. Baadhi ya kamera zina utando uliopakwa juu ya lenzi yenyewe badala ya kioo. Hizo ziache, huwezi kuzibadilisha bila kuziharibu. Ukirudisha lenzi, mizunguko uliyohesabu haitakuwa sahihi tena, kwa sababu kutoa kioo kunasogeza fokasi kidogo. Izungushe huku ukitazama nukta hadi ziwe ndogo na kali.

Mbele ya lenzi sasa unahitaji kitu cha kuzuia mwanga wa kawaida. Negativu ya filamu ya rangi, ile ncha nyeusi iliyopigwa na mwanga kisha ikasafishwa, huufungia mwanga wa kawaida na kuiruhusu infraredi, na vipande viwili juu ya kimoja hutosha. Mimi nilipewa ncha kama hizo na mpiga picha mmoja mzee hapa mjini, aliyekuwa na kopo zima. Ni lazima iwe filamu ya rangi. Ya picha nyeusi na nyeupe ina chembe za madini ya fedha ambazo huizuia infraredi pia, na wengi wamekata tamaa hapo bila kujua sababu.

Upande wa klipu, taa za nanomita 850 huonekana gizani kwa wekundu hafifu, na sensa nyingi huziona vizuri kuliko zile za 940 ambazo jicho halizioni kabisa. Taa yenye mwale mwembamba hufifia mara unapogeuka. Ukisugua kichwa chake kwa msasa laini, mwanga wake husambaa. Usiiunganishe taa moja kwa moja na volti 5 za USB bila resista, kwani kila moja huhitaji takriban volti 1.5 tu.

Dalili ya tano: inakupoteza ukigeuka mbali, au kiti kinateleza

Mpwa wangu aliyeko Kisumu alinipigia simu akiwa na hakika kwamba kamera yake imekufa.

“Mjomba, nikigeuka kushoto naona kiti nacho kinateleza kuelekea mlangoni.”

“Klipu umeivaa upande gani, mpwa wangu?”

“Kulia, kwenye hedifoni.”

“Na programu umeiambia kuwa iko kulia?”

Alinyamaza kidogo. Hakuwa ameiambia. Klipu iliyo pembeni ya kichwa huchora tao kubwa unapogeuka, na kama programu inadhani iko katikati, tao hilo hutafsiriwa kuwa umehama kiti. Katika ukurasa wa modeli wa Opentrack kuna sehemu ya kuandika umbali wa klipu kutoka katikati ya kichwa, na kitufe cha kuupima: unakibonyeza, unageuza kichwa polepole pande zote bila kuhamisha mwili, unakibonyeza tena. Vipimo vya klipu yenyewe navyo viandikwe kwa milimita, baada ya kupimwa kwa rula.

Ikiwa inakupoteza kabisa ukigeuka, klipu huenda imefichwa na kichwa chako upande huo. Ongeza mwinuko wa mkunjo katika ramani ya mgeuko, yaani mchoro wa Opentrack unaoamua mgeuko wa kichwa ukuzwe kiasi gani, ili nyuzi 20 za kichwa zitoshe kukupa mgeuko wote, kabla hujafikiria kofia yenye nukta juu yake.

Dalili ya sita: nukta ni sawa, mchezo hausogei

Hapa kamera haina hatia. Kama pweza mdogo wa waridi katika Opentrack anageuka pamoja nawe, tatizo liko kwenye upande wa kutoa, yaani jinsi Opentrack inavyoupelekea mchezo mwendo wa kichwa. Kwa michezo mingi njia ya kutoa inayofaa ni ile iitwayo freetrack 2.0 Enhanced. Anzisha Opentrack kabla ya mchezo, na kama mchezo unaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, Opentrack nayo iendeshwe hivyohivyo. Anayetumia simu kama kamera, kwa programu kama SmoothTrack inayotuma kwa UDP (njia ya kutuma data kwenye mtandao) kupitia mlango wa 4242, akague kama ulinzi wa Windows umeuzuia mlango huo, na kama anwani ya kompyuta imebadilika tangu hotspoti ilipowashwa upya. Mawasiliano hayo kati ya simu na kompyuta hayali bando.

Dalili ya saba: kamera inatoweka katikati ya safari

Iondoe kwenye kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake, uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kebo isizidi mita 5. Zima pia mpangilio wa Windows unaolaza milango ya USB ili kuokoa umeme.

Sababu zinazobaki, na kamera inayozijibu

Ukipita hayo yote, sababu za kweli za kununua ni chache: kamera yako haiwezi kutoa fremu zaidi ya 30 nawe unazihitaji, au haikuruhusu kuweka muda wa mwanga kwa mkono, au kioo chake cha infraredi hakitoki. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu megapikseli, na ningependa muuzaji anayekutajia megapikseli asikuyumbishe. TrackIR 5 yenyewe hufanya kazi kwa pikseli 640 kwa 480, fremu 120, na uwanja wa nyuzi 51.7.

Kwa anayefuatwa kwa uso, kamera yoyote ya fremu 30 imara yenye mipangilio ya mkono inatosha kwa ndege za abiria, na ya fremu 60 itamfaa anayeruka ndege za kivita. Kwa nukta, PlayStation Eye ya mitumba ingali chaguo langu la kwanza kwa mwenye mfuko mdogo, kwa fremu 60 katika 640 kwa 480, ingawa Windows huhitaji draiva ya ziada ili kuitumia. Mwenye uwezo kidogo zaidi atafute kamera ya sensa ya OV9281: haina rangi, hufika fremu 120 katika pikseli 1280 kwa 800, na hunasa fremu nzima kwa mara moja badala ya mstari kwa mstari, kwa hiyo nukta hazirefuki unapogeuka haraka. Iwe ile isiyo na kioo cha kuzuia infraredi.

Nenda dukani na laptopu yako na rimoti mfukoni. Omba kuichomeka kamera, ufungue Opentrack, uzime kujirekebisha kwa mwanga, kisha uifunike lenzi nusu kwa kiganja huku ukisoma idadi ya fremu. Zikishuka, mrudishie muuzaji kamera yake.